Beta ni nini, na kwa nini kuitoa kwenye simu ni kazi kuliko kuiweka

Programu ya beta ni toleo ambalo kazi yake kubwa imeshafanyika lakini makosa bado yanasakwa, na waliolitengeneza wanaomba watu wa nje wawasaidie kuyasaka. Kabla yake huwa kuna alfa, ambayo aghalabu haivuki mlango wa kampuni. Baada yake huja toleo thabiti, lile linalomfikia kila mtu. Kwa Apple mzunguko huu unajulikana: Juni mifumo mipya inatangazwa na beta ya watengeneza programu inatoka siku hiyohiyo, beta ya umma hufuata wiki kadhaa baadaye, kisha Septemba toleo kamili. Google wana beta ya Android kwa simu zao za Pixel, na Microsoft wana mpango wa Windows Insider tangu 2014.

Watu wengi hawaiogopi beta, na Gmail ina mchango wake katika hilo. Ilizinduliwa Aprili 2004 ikiwa na alama ya beta, na alama hiyo haikuondolewa hadi Julai 2009. Miaka mitano watu waliandikiana barua za kazi na za mapenzi humo bila wasiwasi. Lakini Gmail ilikaa kwenye kompyuta za Google. Ikiharibika, wenyewe waliitengeneza usiku, nawe asubuhi ukaikuta nzima. Mfumo mzima wa simu ni habari nyingine, maana huo unakaa kwako, juu ya picha zako na namba zako.

Kuingia ni rahisi mno siku hizi. Hadi 2023, beta ya watengeneza programu ya iPhone ilikuwa rasmi kwa wanaolipa dola 99 kwa mwaka. Tangu iOS 17, mfumo wa iPhone wa mwaka huo, mwenye akaunti ya Apple anajiandikisha bure, anaingia kwenye mipangilio, anafungua sehemu ya masasisho, anachagua beta, anaiacha simu ipakue. Bando likitosha, kufikia chakula cha jioni simu ina sura mpya.

Makero ya kila siku yanafahamika, sitayakalia sana. Chaji inaisha upesi, simu inapata moto, inastaki, kamera inagoma kufunguka, bluetooth ya gari haiunganishi. Mengi yanavumilika, na hurekebishwa beta inayofuata. Agosti 2018 Apple waliitoa beta ya saba ya iOS 12 na kuiondoa siku hiyohiyo kwa sababu simu zilikuwa nzito. Mwisho wa mwezi uleule, beta iliyofuatia baadaye ikawa inawaambia watu kuwa kuna sasisho jipya kila walipofungua simu, na sasisho lenyewe halikuwapo. Hayo ni ya kuchekesha, ukiwa si wewe.

Palipo na uzito zaidi ni kwenye pesa. Programu za benki hukagua simu kabla hazijafunguka, na zikikuta mfumo zisioutambua zinaweza kukataa kabisa, au kufunguka kisha kujifunga katikati ya muamala. Waliozitengeneza hawana wajibu wa kuzijaribu kwenye mfumo ambao haujatoka. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# kwa kawaida haisumbuki, kwa kuwa inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Lakini mwenye duka anayesubiri arifa ya programu ya benki ili amruhusu mteja aondoke na mchele, arifa ikichelewa kwa sababu ya beta, hana wa kumlalamikia. Benki itamwambia arudishe mfumo wa zamani.

Na hapo kwenye kurudisha ndipo pana shughuli. Ukiwa na Pixel na ukaamua kujitoa kwenye beta kabla toleo thabiti halijafika, Google wanakutumia sasisho la kukurudisha nyuma, nalo linafuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Kwenye iPhone unaiunganisha na kompyuta, unaifuta, unaweka toleo thabiti, kisha unataka kurudisha data zako. Kama nakala uliyonayo ilitengenezwa ukiwa tayari kwenye beta, mfumo wa zamani hauipokei. Nakala huenda mbele tu: ya toleo la zamani inaingia kwenye jipya, ya toleo jipya haiingii kwenye la zamani. Mtu anakuwa na bakapu ya jana usiku, imekamilika, na haimfai kitu. Saa ya Apple ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwenye nayo hana njia yake mwenyewe ya kuirudisha kwenye watchOS, yaani mfumo wa saa hiyo, ya nyuma.

Sababu ni ya kiufundi, si ukorofi. Mfumo mpya ukiwaka mara ya kwanza unapanga upya hifadhidata za ujumbe, picha na afya kwa muundo wake mpya. Mfumo wa zamani haujui kuusoma muundo ambao haukuwapo ulipoandikwa.

Kuna jambo ambalo hata wajuzi hulisahau: beta haibaki kwenye kifaa ulichoiweka. Mwaka 2019, iOS 13 ilikuja na vikumbusho vya muundo mpya. Ukikubali kuvihamisha, kifaa chako kingine kilichobaki kwenye iOS 12 kiliacha kuviona vile vipya. Majira hayohayo beta zilikuwa na matatizo ya iCloud, wingu la Apple la kuhifadhi data mtandaoni, kiasi kwamba Apple waliondoa baadhi ya mabadiliko kabla ya toleo kamili. Kwa hiyo anayesema "nimeweka kwenye tableti tu, simu yangu iko salama" huku vyote viwili viko kwenye akaunti moja, usalama huo ni nusu. Faili likifutwa wingu likiwa limeunganishwa, linafutika kote.

Na kuripoti kosa si sawa na kusikilizwa. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho la Windows 10 toleo 1809, na baada ya siku chache wakalisimamisha, kwa kuwa baadhi ya watu walipoteza nyaraka. Waliokuwa wamehamishia folda zao za nyaraka kwingine, lakini wakaacha mafaili mengine kwenye folda ya awali, sasisho lilidhani folda ile ya awali ni takataka na kuifuta na vilivyomo. Baadhi ya watumiaji wa beta walikuwa wameshaandika taarifa za kupotelewa na mafaili kabla ya siku ya kutolewa. Taarifa zao zilizama kati ya nyingine nyingi. Baadaye Microsoft waliongeza mahali pa kuonyesha ukali wa tatizo, na sasisho likarudi katikati ya Novemba. Aliyejaribu kwanza ndiye aliyepoteza kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tawi lake la hatari. Beta za Samsung kwa kawaida hufunguliwa kwa nchi chache, kama Korea Kusini, Marekani, Uingereza, Ujerumani na India. Mtu wa Dar au Mombasa anayeitaka hupata faili kwenye kundi la Telegram, au anampelekea fundi simu aiflashi, yaani aiwekee mfumo huo kwa kompyuta. Hilo kwangu haliitwi tena kujaribu beta. Huna uhakika faili limetoka kwa nani wala limeongezewa nini njiani, na likiwa la modeli inayofanana na yako lakini siyo, simu inaweza isiwake tena.

Ukiwa na simu ya pili isiyo na laini ya pesa, iliyo kwenye akaunti tofauti, jaribu upendavyo. Kazi hiyo inahitaji watu. Kama kifaa ni kimoja na bado unataka, tengeneza nakala kwenye kompyuta kabla ya kuanza, kisha uiweke kando kwa namna ambayo nakala mpya haitaandika juu yake. Hamisha pia programu inayokupa namba za siri za kuingilia akaunti, kwa sababu simu ikifutwa na hizo zinaondoka, na bila hizo huingii hata kwenye barua pepe ya kuombea msaada.

Njia ya kutoka isiyofuta kitu ipo, ila ni nyembamba: kusubiri toleo thabiti litoke, uliweke, kisha uzime beta papo hapo. Ukichelewa, beta ya sasisho linalofuata inaweza kuingia yenyewe, nawe unaanza kusubiri upya.