Bunge Likiahirishwa: Ovataimu, Likizo na Makato kwa Watumishi wa Hoteli na Gesti Dodoma

Bunge la bajeti likishaahirishwa, vyumba vya Dodoma hubaki wazi, na malalamiko ya watumishi wa hoteli, loji na gesti huanza. Mengi ni ya aina mbili. Mtu amekesha kazini tangu Aprili bila kulipwa saa za ziada, na sasa anaambiwa akapumzike nyumbani bila mshahara "mpaka wageni warudi". Mwajiri akiulizwa, jibu lake ni moja: "Tulikubaliana." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka viwango ambavyo mkataba unaweza kuviongeza, si kuvipunguza. Karatasi ya kuvipunguza haimkingi mwajiri hata ikiwa na saini na muhuri.

Tuanze na saa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni ovataimu. Ovataimu inahitaji makubaliano, haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na jumla ya saa za siku moja haiwezi kupita 12. Kima chake ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Wengi hukosea kwenye hesabu ya hiyo saa moja: hugawa mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 24, wakapata vijisenti. Sheria inataka ugawe mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Mhudumu wa vyumba anayelipwa shilingi 400,000 kwa saa 45 za wiki, saa yake moja ni shilingi 2,051. Saa ya ovataimu inakuwa 3,077. Akiitwa siku yake ya mapumziko, au siku ya sikukuu, analipwa mara mbili, yaani 4,103 kwa saa; zamu ya saa 8 ni takriban 32,800. Saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zinaongezewa asilimia 5, na kama ni za ovataimu, asilimia hiyo inapigwa juu ya kima cha ovataimu.

Chakula cha jikoni na bahshishi ya mgeni si malipo ya ovataimu. Wala kumpachika mtu cheo cha supavaiza hakumtoi kwenye kanuni hizi kama hasimamii wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu.

Sasa hilo la "kapumzike". Ajabu ni kwamba sheria inampa mwajiri njia halali anayoihitaji, naye anaiacha. Ni mwajiri anayepanga tarehe ya likizo ya mwaka, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo wa miezi 12 kwisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameridhia na kazi inalazimu. Kwa hiyo anaweza kabisa kuzipanga likizo Julai, wageni wanapopungua. Ila ni likizo ya malipo: siku 28 mfululizo. Hapa na wafanyakazi nao wasikilize: Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa, si siku 28 za kazi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana haki ya likizo hiyo, lakini hilo halimpi mwajiri ruhusa ya kumfungia mshahara. Kama kazi imepungua kweli, kuna utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, wenye taarifa na mashauriano. Likizo pia haichanganywi na kipindi cha notisi.

Shuka limepotea, glasi zimevunjika, mshahara umekatwa. Kabla ya makato hayo ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, apewe maelezo ya maandishi ya sababu na kiasi, apate nafasi ya kupinga, na asidaiwe zaidi ya hasara halisi. Baada ya hapo makato hayazidi robo ya ujira: kwa yule wa 400,000, ni 100,000 kwa mwezi. Kugawa hasara ya shuka moja kwa zamu nzima ni kosa, basi.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20, na wa mfanyakazi hauzidi nusu yake. Mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye slipu yako kama makato, uliza. Kuhusu kima cha chini kilichoanza 1 Januari 2026: shilingi 358,322 zilizotangazwa ni wastani wa sekta binafsi. Kila sekta ina kiwango chake kwenye Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara. Someni Amri.

Mwisho, karatasi. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) na masharti ya ajira yakabishaniwa, mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kumbukumbu hutunzwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Kufungua shauri, mfanyakazi anajaza fomu CMA F1, anampa mwajiri nakala, kisha anaiwasilisha pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri amepokea. Madai ya mshahara na likizo yana siku 60. Kuachishwa kazi isivyo halali, siku 30. Ukichelewa unajaza CMA F2, fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na kueleza sababu za msingi, na "nilikuwa namsubiri bosi anipigie" ni sababu dhaifu. Kufungua shauri hakulipiwi.

Ofisa kazi naye anaweza kuingia kukagua bila kutoa taarifa, na kutoa amri ya utekelezaji yenye kiasi na tarehe. Mwajiri asiyeridhika ana siku 30 za kuipinga kwa maandishi kwa Kamishna wa Kazi. Kuipeleka kwenye droo si kuipinga.