Vilabu vya Michezo vya Masingasinga Ughaibuni: Nairobi, London na Surrey

Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 kule Melbourne, ikiwa bado koloni la Mwingereza. Leo ukitaja Olimpiki na Kenya, kila mtu anawaza mbio. Wachache wanakumbuka kwamba safari ile ilikuwa pia ya mpira wa magongo, na kwamba orodha ya wachezaji ilijaa akina Singh pamoja na Wagoa, watu wenye asili ya Goa nchini India. Kwa miaka mingi baadaye, timu ya taifa ya mchezo huo ilitegemea vilabu viwili vitatu vya jamii vya Nairobi. Kimojawapo ni Sikh Union, ambacho kwa kipindi kirefu kilijulikana pia kama Simba Union.

Idara yetu ya historia ya jamii huulizwa mara kwa mara: kwa nini kila walikokwenda Masingasinga (waumini wa dini ya Sikh, ambao Kenya tumezoea kuwaita Makalasinga) huzuka klabu ya michezo karibu na hekalu lao? Wapo wanaodhani ni ubaguzi, watu kujifungia wenyewe kwa wenyewe. Wengine huona ni burudani tu. Mimi naona majibu yote mawili hayatoshi, na historia ya Kenya ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini.

Tuanze na watu wenyewe. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka jimbo la Punjab. Miongoni mwao walikuwemo Masingasinga, hasa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi. Kazi ilipoisha wengi wa wafanyakazi hao walirudi kwao, lakini waliobaki waliita ndugu zao, na fundi akawa mwenye karakana, kisha kontrakta. Nairobi waliyoikuta na kuijenga ilikuwa imegawanywa kwa rangi hata katika starehe. Vilabu vya wazungu havikuwafungulia mlango Wahindi, sembuse Waafrika. Kila jamii ikajitafutia kiwanja chake. Wagoa walikuwa na Goan Institute, Waislamu wa Kihindi walikuwa na Sir Ali Muslim Club, Masingasinga walikuwa na Sikh Union. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini walijitenga aanze kuuliza ni nani aliyechora ramani ile ya mji.

Ila mgawanyo huo wa kikoloni hauelezi kila kitu. Dini yenyewe haioni mwili kuwa kikwazo cha roho. Guru (kiongozi mkuu wa dini hiyo) wa pili, Angad, aliyeishi karne ya 16, anakumbukwa kwa kuhimiza mieleka pale Khadur Sahib, Punjab. Wa sita, Hargobind, alivaa panga mbili, moja kwa mamlaka ya dunia na moja kwa mamlaka ya kiroho. Wa kumi, Gobind Singh, alianzisha sherehe ya Hola Mohalla kule Anandpur, siku za watu kushindana farasi na silaha. Mtoto wa Kisikh aliyekulia Kisumu au Southall, kitongoji cha London, hakuhitaji kuambiwa kwamba kukimbia uwanjani ni kupoteza muda wa ibada.

Ligi ya mpira wa magongo ya Nairobi ilikuwa kali. Vilabu vya jamii vilipokutana, heshima ya familia nzima ilikuwa uwanjani, na ukali huo ndio uliowanoa wachezaji wa taifa. Mwaka 1964, Tokyo, Kenya huru ikiwa haijatimiza hata mwaka, timu ilimaliza ya 6. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lililofanyika Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali na kumaliza ya 4, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Beki Avtar Singh Sohal aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na alikuwa nahodha wake. Ni michezo michache ya timu, nje ya riadha, ambamo nchi yetu imewahi kusimama karibu hivyo na vigogo wa dunia. Na bado ukiwauliza vijana kumi mjini Nairobi, sidhani utampata mmoja anayelijua jina hilo.

Nini kilitokea? Mambo matatu yalikuja yakifuatana, na kila moja lingetosha kuitikisa timu. La kwanza ni kuhama. Baada ya uhuru, Waasia wasiochukua uraia walibanwa na sheria za 1967 kuhusu vibali vya kazi na leseni za biashara. Maelfu walikimbilia Uingereza kabla bunge la huko halijafunga mlango kwa sheria ya Machi 1968. Vilabu vikaondokewa na wachezaji, makocha, na wale wazee waliokuwa wakilipia jezi. La pili ni siasa za kimataifa: Kenya ilisusia Olimpiki za Montreal 1976 kwa sababu ya suala la Afrika Kusini, kisha ikasusia Moscow 1980. Kizazi kizima cha wachezaji kikapita bila jukwaa. La tatu, ambalo watu wengi hulisahau, ni nyasi bandia. Kuanzia Montreal mchezo uliondoka kwenye nyasi za kawaida ukahamia kwenye zulia la plastiki lenye kasi, linalogharimu fedha nyingi kulitandika na kulitunza. Klabu ya jamii iliyokuwa na kiwanja kizuri cha nyasi ghafla ikawa inafanya mazoezi ya mchezo mwingine. Kenya ilirudi Olimpiki 1984 na 1988, na tangu hapo haijafuzu tena upande wa mpira wa magongo.

Uganda hali ilikuwa nzito zaidi. Mapema Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia ndani ya siku 90. Mwisho wa mwezi huohuo Olimpiki ya Munich ilifunguliwa, na Uganda ilikuwa na timu ya mpira wa magongo yenye wachezaji wa asili ya Asia, Masingasinga wakiwemo. Dunia inaikumbuka Munich ya Uganda kwa dhahabu ya John Akii-Bua katika mita 400 kuruka viunzi. Hawa wengine walivaa rangi zilezile za taifa huku siku za familia zao kuishi nchini zikihesabiwa.

Tanzania nayo ina ukurasa wake, ingawa si wa kujivunia kwa mabao. Moscow 1980, nchi nyingi ziliposusa, Tanzania ilialikwa kujaza nafasi kwenye mpira wa magongo wa wanaume. Ilifungwa na India 18 kwa 0. Tunacheka, lakini timu ile nayo ilikuwa na Masingasinga wa Kitanzania waliocheza dhidi ya nchi ya babu zao wakiwa na bendera ya Tanzania kifuani.

Waliohama kwenda Uingereza hawakukuta ukurasa mtupu. Masingasinga waliotoka Punjab moja kwa moja walikuwa wamekwisha kuanza vilabu vyao kwenye miji ya viwanda. Guru Nanak FC ya Gravesend, mji wa Kent kando ya mto Thames, ilianzishwa 1965 kama timu ya soka. Wale waliotoka Afrika Mashariki walifika na kitu tofauti: uzoefu wa kuendesha klabu. Walijua kuandika katiba, kuitisha mkutano mkuu, kupiga hesabu za ada, kugombana kwenye kamati na bado Jumapili wakacheza pamoja. Ujuzi huo haupigiwi picha, ila kwa maoni yangu ndio unaotofautisha klabu inayodumu miaka 60 na ile inayokufa mwanzilishi wake anapozeeka.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Klabu si hekalu. Katika gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, wote hukaa sakafuni, matajiri kwa maskini, na hakuna pombe wala tumbaku. Vilabu kadhaa vya zamani, kinyume chake, vina baa, na mapato ya baa ndiyo yaliyokuwa yakilipa maji ya kiwanja. Wazee wa dini hawakufurahishwa na hilo, na mabishano hayo hayajaisha. Kinachounganisha pande mbili ni langar, chakula cha bure kwa yeyote anayeingia. Msafiri wa barabara ya Mombasa aliyewahi kusimama kwenye hekalu la Makindu anajua ninachosema: unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai, na hakuna anayekuuliza dini yako. Utaratibu huohuo huhamishiwa uwanjani.

Mfano mzuri ni Australia. Masingasinga wa nchi hiyo wana michezo ya kitaifa inayofanyika kila Pasaka, kila mara katika mji tofauti. Kwa nini Pasaka, sikukuu isiyo yao? Kwa sababu ni likizo ndefu. Madereva wa malori, wauguzi na wanafunzi wote wanapata nafasi ya kusafiri. Kuna mpira wa magongo, soka, voliboli, netiboli, riadha na kabadi. Maelfu hulishwa bure na watu wa kujitolea wanaoamka alfajiri kukanda unga. Gharama hiyo hulipwa na michango ya wafanyabiashara na nguvu za mikono, na kwa hesabu za kawaida za biashara ya michezo ingekuwa hasara tupu. Netiboli nayo isipuuzwe: ndiyo iliyowapa wasichana sababu ya kusafiri na timu bila mabishano marefu nyumbani.

Kabadi inastahili maelezo, maana ndiyo inayojaza viwanja vya Surrey na Brampton nchini Kanada. Aina inayopendwa na Wapunjabi huchezwa kwenye duara. Mshambuliaji, kaptula tu mwilini na mwili umeteleza kwa mafuta, anavuka mstari wa kati peke yake. Ana sekunde 30. Anamgusa mlinzi mmoja, na papo hapo pambano linakuwa la wawili: mshambuliaji anataka kurudi kwao, mlinzi anataka kumbana kiuno au mguu asirudi. Wengine wanatazama tu. Akifika, pointi ni yake; akizuiliwa muda ukaisha, pointi ni ya mlinzi. Mtangazaji anapiga kelele kwa Kipunjabi, na tajiri fulani jukwaani anaahidi zawadi ya fedha kwa pambano linalofuata.

Fedha hizo ndizo zilizoleta matatizo. Pale ambapo mdhamini ana nguvu kuliko kamati, yanafuata madawa ya kuongeza nguvu, uhasama wa makundi, hata damu. Mchezaji maarufu Sandeep Singh Nangal Ambian, raia wa Uingereza, aliuawa kwa risasi Machi 2022 akiwa kwenye mashindano huko Punjab. Agosti 2023 mashindano ya kabadi karibu na Derby, Uingereza, yaligeuka mapigano ya silaha, na watu wakafungwa. Anayeandika juu ya vilabu hivi bila kutaja haya anaandika tangazo.

Tatizo jingine lilitoka nje, nalo ni kilemba. Mchezaji anayeshika dini ya Sikh hakati nywele. Huzifunga fundo utosini, kisha hulifunika kwa patka, kitambaa chepesi chenye kamba pembeni kinachokazwa kuliko kilemba cha kawaida. Hakina pini wala kitu kigumu. Hata hivyo mwaka 2013 shirikisho la soka la jimbo la Quebec liliwazuia watoto wenye vilemba kucheza, likidai usalama. Vilabu vya jamii vilipaza sauti, shirikisho la taifa la Kanada likalisimamisha lile la Quebec, na Machi 2014 wasimamizi wa sheria za soka duniani waliruhusu vilemba rasmi, mradi rangi ilingane na jezi na kisihatarishe mtu. Mpira wa kikapu ulifuata 2017. Watoto wa dini nyingine, mabinti wa Kiislamu wenye hijabu wakiwemo, walinufaika na mjadala huohuo.

Si kila klabu inahitaji kiwanja. Mashariki mwa London kuna kikundi cha wakimbiaji kiitwacho Sikhs in the City. Huko ndiko alikofanyia mazoezi Fauja Singh, mzee aliyekimbia marathoni ya kwanza London mwaka 2000 akisema ana miaka 89, na kumaliza ile ya Toronto 2011 akihesabu 100. Guinness, wenye kitabu cha rekodi za dunia, walikataa kumwandika kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kijijini Punjab mwaka 1911 nani alikuwa akigawa vyeti? Alifariki Julai 2025, aligongwa na gari akivuka barabara kijijini kwao.

Nairobi, mpira wa magongo umehamia kwenye shule, vyuo vikuu na vikosi vya usalama, na wachezaji wengi sasa ni Waafrika, hata ndani ya Sikh Union. Nauona mwisho huo kuwa mzuri kuliko wanavyoulalamikia wazee waliohamia Leicester, Uingereza. Kilichopotea ni kumbukumbu. Picha za timu za miaka ya 1950 na 1960 ziko kwenye albamu za familia, nusu ya nyuso hazina majina, na wafanyakazi wa Kiafrika waliokata nyasi na kuchora mistari ya viwanja hawamo kabisa kwenye maelezo. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya namna hiyo, mketisheni mzee anayewafahamu waliomo, andikeni majina nyuma kwa penseli, kisha pelekeni nakala kwenye maktaba au makumbusho iliyo karibu nanyi.