Vagotomi na mawe ya nyongo: neva ikikatwa, nyongo hutuama

Vagotomi ni upasuaji wa kukata neva ya vagasi au matawi yake. Neva hii hutoka kwenye ubongo, hushuka shingoni na kifuani ikiambatana na umio, kisha husambaa tumboni. Kazi yake mojawapo ni kuchochea utoaji wa asidi. Ndiyo maana mwaka 1943 daktari Lester Dragstedt wa Chicago alianza kuikata ili kutibu vidonda vya tumbo, na kwa miongo kadhaa upasuaji huo ukawa wa kawaida.

Lakini vagasi haihudumii asidi peke yake. Tawi lake moja huelekea kwenye ini na mfuko wa nyongo, kifuko kinachokaa chini ya ini na kubeba mililita 30 hadi 50 hivi. Ukila nyama ya mbuzi iliyonona, utumbo mdogo hutoa homoni ya kolesistokinini, kifuko hujikamua, na nyongo humwagika kwenda kusaidia kusaga mafuta. Neva husaidia kukamua huko. Ikikatwa, kifuko hulegea, hutanuka, na hakimalizi kujimwaga. Nyongo inayobaki humo huwa nzito, hufanya tope, kolesteroli hugandamana kuwa chembe, na chembe hukua kuwa mawe. Huchukua miezi, pengine miaka.

Baadaye madaktari walijifunza kukata tu matawi madogo yanayochochea asidi na kuliacha la ini. Kisha vikaja vidonge vya kupunguza asidi, na Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, wakaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria. Leo ni nadra mtu kukatwa vagasi kwa ajili ya vidonda.

Basi kwa nini tuijali? Kwa sababu bado hukatwa bila kukusudiwa kuwa tiba. Saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki tunaifahamu mno, ikifanyiwa upasuaji, vagasi ya kushoto na ya kulia kwa kawaida hukatwa zote, maana zimeshikamana na umio wenyewe. Anayeondolewa mfuko wa tumbo kwa saratani naye mara nyingi hupoteza tawi la ini. Na kwake neva si mshtakiwa pekee: chakula kikielekezwa njia nyingine, sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo haikioni na homoni hupungua, tena kupungua uzito kwa kasi huongeza kolesteroli kwenye nyongo. Mimi huona si haki, mawe yakitokea baada ya upasuaji, kumlaumu daktari kana kwamba alisahau kitu tumboni.

Wengi wenye mawe haya hawahisi chochote, na mawe yaliyotulia kwa kawaida huachwa. Dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki huweza kupunguza uwezekano wa kuyapata, na wapo wapasuaji wanaotoa kifuko mapema, ingawa si wote wanaokubaliana na hilo.

Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya mafuta, yanatosha kuomba ultrasaundi. Yakija na homa au macho ya njano, ni hospitali siku hiyohiyo, na uende na barua ya upasuaji wa zamani. Kwa mtu aliyeunganishwa utumbo upya, kamera ya kupitia mdomoni haifiki kirahisi kwenye mrija wa nyongo, kwa hiyo daktari lazima ajue kilichokatwa kabla hajachagua njia ya kutoa jiwe.