Mati: ndugu wa ndago anayeliwa

Mkulima wa mpunga Mbarali akiona ndago kwenye jaruba huinama na kung'oa. Ndiyo maana nilipowaonyesha wakulima wangu picha ya Eleocharis dulcis, ile chestinati ya maji ya makopo kutoka China, waliniuliza mbona bwana shamba anatuletea gugu. Macho yao hayakukosea, kwani ukoo ni mmoja. Mmea huu hauna majani ya maana. Una mashina membamba ya kijani, wazi ndani kama mrija, yanayotengeneza chakula na kushusha hewa hadi kwenye mizizi iliyozama topeni. Kinacholiwa ni tunguu la hudhurungi linalojaa chini ya tope. Wachina huliita mati, yaani kwato ya farasi, nami nashika jina hilo, maana chestinati ni kokwa na hili si kokwa.

Kuna mmea mwingine unaoitwa pia chestinati ya maji, Trapa natans, unaoelea na kuzaa kokwa nyeusi zenye pembe. Marekani umekuwa gugu la kuziba mito. Karibu na Ihefu, ardhioevu ya bonde letu la Usangu, nisingeacha hata mbegu yake moja.

Utamu wa mati ni ule mlio wake. Ukichemsha kiazi mviringo, gundi inayoshikanisha seli zake huyeyuka, kikalainika. Kuta za seli za mati zimefungamanishwa na asidi ya feruliki, na joto la sufuria halifungui vifungo hivyo. Niliyakatakata nikayachanganya na nyama ya sambusa, kitunguu na tangawizi. Kitunguu kilipotea kabisa. Mati yakabaki yakilia chini ya meno, yenye utamu mwepesi.

Mabichi yamenywe kwa kisu, kamwe si kwa meno. Ng'ombe hulishwa majarubani baada ya mavuno, na minyoo bapa ya ini huacha vifuko vyake juu ya mimea ya maji. Sugua, menya, osha, chemsha.

Kuhusu kulima, mati yanataka karibu miezi saba ya joto na maji ya kina kifupi. Kitulo, kwenye baridi ya kugandisha, haiwezekani. Usangu joto lipo, lakini mpunga ukishavunwa mati yangeendelea kudai maji kiangazini, wakati mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika tangu miaka ya 1990. Kwa hilo simshauri mtu wa Mbarali ayalime. Ningeanzia Kyela, kwenye joto na mvua nyingi, tena ndani ya beseni kuukuu lenye tope.

Mashina yakishakauka, mwaga maji, acha tope lishikane kidogo, kisha papasa kwa vidole. Jembe hukata matunguu, na lililokatwa huoza upesi.