"Kuna mtu darasani kwetu anavuta"

Wazazi wengi hufika kwangu wakiwa wameshafanya kikao. Wamemkalisha mtoto sebuleni, televisheni imezimwa, wamesema weee, mtoto ameitikia "sawa mama, sawa baba" mpaka wakaridhika. "Nimeongea naye hadi nimechoka," huniambia. Nikiuliza mtoto naye alisema nini, kimya kinatanda.

Mimi ni mshauri nasaha, na kazi yangu kubwa ni vijana walioingia kwenye pombe, bangi na vidonge. Bado sijampata hata mmoja aliyeniambia kwamba kikao kilimsaidia. Ninachosikia mara nyingi ni kwamba kabla mambo hayajaharibika alijaribu kusema. Alisema kwa kuzunguka, mkubwa hakudaka, yakaishia hapo.

Kijana hasemi "nimeonja." Anasema "kuna mtu darasani kwetu anavuta." Hapo anakupima wewe. Anataka kuona uso wako utabadilika vipi kabla hajaamua kama kuna la kuongeza.

Mtihani huo nimewahi kuufeli nyumbani kwangu mwenyewe. Binti yangu alikuwa na miaka 14. Tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua, yeye anasuuza. Akasema, bila kuniangalia, "Mama, kuna wasichana wanakuja na pombe shuleni, wanaitia kwenye chupa ya maji." Nikageuka na povu mikononi: "Nani hao?" Akaendelea kusuuza sahani ileile ambayo ilishatakata zamani. "Hata siwajui vizuri," akajibu. Alipomaliza akaenda chumbani kwake, na habari hiyo sikuisikia tena kwa miezi. Mtaalamu mzima!

"Nani hao?" ni swali la askari. Linamfanya mtoto awe mchongezi wa wenzake, na yeye anajua swali linalofuata ni "na wewe je?" Siku hizi nawaambia wazazi waanze na neno moja tu: "Ehe?" Halafu wanyamaze. Likishindikana hilo, basi "wewe uliona vipi?" au "wanasema inawafanyaje?" Si ujanja wa kumtega. Mwanasaikolojia William Miller, aliyefanya kazi na watu wenye matatizo ya pombe, aliandika mwaka 1983 jambo ambalo bado ndilo msingi wa kazi yetu: ukimsukuma mtu aache, yeye huanza kuutetea ulevi wake, akiulizwa vizuri na kusikilizwa, sababu za kuacha huzitaja mwenyewe. Kwa kijana ndiyo kabisa, maana kubishana na mzazi ni nusu ya kazi yake katika umri ule.

Kosa jingine ni vitisho. "Ukivuta mara moja tu unakuwa kichaa." Mtoto anamjua mtu aliyevuta, na mtu huyo anafaulu mitihani na anacheza mpira. Basi, umeshapoteza. Kesho ukimwambia la kweli, nalo ataliweka kapu moja na lile la uongo. Marekani walianzisha mwaka 1983, huko Los Angeles, mpango wa D.A.R.E., polisi wakiingia madarasani kuwafundisha watoto kukataa. Ulienea nchi nzima, ukapendwa sana na wazazi, lakini tathmini zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba mpango ule wa awali haukupunguza matumizi kwa kiwango cha maana.

Na ukweli wenyewe hauhitaji chumvi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "hebu ngoja kwanza", huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi. Sehemu inayotafuta raha huwahi zaidi. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 ana injini kubwa na breki ambazo fundi bado hajamaliza kuzifunga. Ndiyo maana umri wa kuanza una uzito. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliotoka mwaka 1997 ulikuta kwamba, kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ilikuwa kama asilimia 10. (Wanaowahi kuanza mara nyingi huwa na mizigo mingine, kwa hiyo tusiibebeshe pombe lawama yote.) Mimi mtoto ningemwambia hivi: "Sisemi ukionja utaharibika. Nasema kila mwaka unaosubiri unakufaa."

Kusikiliza si kulegeza. Sema wazi kwamba hutaki anywe. Wapo wazazi wanaommiminia mtoto nyumbani ili "ajifunze kistaarabu". Nia naielewa, lakini utafiti wa Australia uliofuatilia vijana wapatao 1,900 kwa miaka sita, ukachapishwa mwaka 2018, haukuona kinga yoyote katika hilo.

Kuhusu kumpima mkojo kwa siri: usifanye. Bangi inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya mtu kuacha, pombe hupotea upesi, na wewe utakuwa umeshaacha kuwa mzazi ukawa maabara.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni la usiku. Mkubaliane mapema, akiwa na akili zake: "Ukinipigia saa nane usiku nije kukuchukua, nakuja. Maswali ni kesho." Na umfundishe la kufanya mwenzake akizimika. Asimwache peke yake "alale pombe imtoke". Amlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Kahawa na maji ya baridi havipunguzi pombe. Ini huitoa kwa mwendo wake lenyewe, na iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya glasi ya mwisho. Ukimwita haamki, anapumua polepole au kwa kukatakata, ngozi imekuwa ya baridi: gari la wagonjwa liitwe mara moja. Vijana wameachwa wakafa kwa sababu waliokuwa nao waliwaogopa wazazi.

Atakuuliza pia, "Na wewe ulikuwa hunywi?" Jibu kwa sentensi mbili za kweli. Usikane, na usimsimulie ujana wako ukaanza kucheka katikati.

Na kama umeshamkuta amelewa, au macho mekundu na stimu kichwani, usianze usiku huo. Unaongea na kilevi, mwenyewe hayupo. Hakikisha anapumua vizuri, mlaze ubavu, kaa naye karibu. Kesho akishaoga na kula, mkae mahali ambapo hamtazamani uso kwa uso, kwenye gari au mkitembea, ndipo umwambie ulichokiona. Swali la kwanza lisiwe "umeipata wapi?" Hilo ni pacha wa "nani hao?"