Med Hondo na filamu zake zisizolingana uzito

Kila ninapowaonyesha vijana wanaojifunza uhariri wa filamu Soleil Ô, filamu ndefu ya kwanza ya Med Hondo, huisimamisha mahali palepale. Wanaume weusi wamejipanga mbele ya padri, na mmoja baada ya mwingine anaomba msamaha kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, kisha anabatizwa na kupewa jina la kigeni. Baadaye wanaandamana kwa hatua za kiaskari, kila mmoja na msalaba wake, na ghafla wanaipindua misalaba hiyo juu chini. Kile kipande kirefu kinageuka kuwa bapa la upanga, na waliobatizwa muda mfupi uliopita wanaanza kupigana wao kwa wao. Hakuna maelezo yanayotolewa, wala hayahitajiki. Nikiwasha taa, swali la kwanza huwa ni kama mtu huyu alitengeneza filamu nyingine zenye nguvu kama hii. Nimehangaika na swali hilo kwa miaka mingi, kwa sababu jibu la haki si fupi: alitengeneza mbili zilizoifikia au hata kuipita, na kadhaa ambazo nisingemshauri mtu aanze nazo.

Hondo alizaliwa mwaka 1936, Mmauritania aliyesomea upishi Morocco na kuvuka bahari kwenda Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Alifanya kazi bandarini na jikoni huko Marseille, akahamia Paris, akafundishwa uigizaji na mwigizaji wa Kifaransa Françoise Rosay. Mwaka 1966 alianzisha kikundi cha maigizo kilichoitwa Shango, ambacho kiliwapa waigizaji weusi tamthilia walizostahili badala ya nafasi za utumishi walizozoea kutupiwa. Soleil Ô ilizaliwa humo. Iligharimu takriban dola 30,000, waigizaji wakijitolea na picha zikipigwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na mwaka 1970 ikapata Chui wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Locarno huko Uswisi.

Baada ya hapo aliendelea kulipia sinema yake kwa koo lake mwenyewe. Wafaransa wengi ambao hawajawahi kulisikia jina lake wanaifahamu sauti yake, kwa kuwa ndiye aliyeingiza sauti ya Kifaransa ya Eddie Murphy, ya punda wa Shrek, na ya Rafiki, yule nyani mzee mwenye jina la Kiswahili katika filamu ya simba ya Disney. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako sauti ya anayetafsiri ilitufikia kabla ya sura ya mwigizaji, tunajua jinsi sauti inavyoweza kupendwa huku mwenyewe akibaki gizani. Mwaka 1994 mamilioni ya watoto wa Ufaransa walimsikia Hondo kama Rafiki. Mwaka huohuo ilitoka filamu yake Lumière noire, ambayo wazazi wao hawakuiona.

Ufinyu huo wa fedha ndio unaotajwa kila mara kueleza kwa nini kazi yake inapanda na kushuka. Nakubaliana na hoja hiyo nusu tu. Ni kweli kwamba fedha zinaeleza kwa nini miaka minane ilipita kati ya Sarraounia na Lumière noire, lakini hazielezi ubora wa kile kilichopatikana zilipokuwepo. Soleil Ô ilitengenezwa kwa fedha ndogo sana, West Indies ya mwaka 1979 ilizidi dola milioni 1, na zote mbili ni filamu kubwa. Tofauti inabidi tuitafute ndani ya picha zenyewe, na nionavyo mimi Hondo alikuwa manju kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu. Alifikiri kwa kundi: kwa kiitikio, kwa maandamano, kwa miili mingi inayosogea pamoja na kusema jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulisema. Alipoipa kamera yake umati, alikuwa na wenzake wachache duniani. Alipolazimika kumfuata mtu mmoja kutoka chumba hadi chumba, kwa hila za kisa cha kawaida, mkono wake ulikuwa mzito.

West Indies inalithibitisha hilo kuliko kazi nyingine yoyote. Ndani ya kiwanda cha magari cha Citroën kilichokuwa kimeachwa huko Paris, Hondo alijenga merikebu kubwa ya watumwa, na takriban filamu nzima inachezwa juu ya sitaha zake. Wanaotawala na wanaojipendekeza kwao wako juu. Wananchi wa visiwa vya Karibi wako chini. Humo zimeingizwa karne kadhaa, tangu biashara ya utumwa hadi miaka ya 1960, wakati serikali ya Ufaransa ilipowahimiza vijana wa Karibi wahamie bara kutafuta kazi. Sasa tazama kinachofanyika: kamera inasogea taratibu ndani ya merikebu, inawapita wachezaji wanaoimba, inashuka ngazi, na inapofika chini tumekwisha kuingia katika karne nyingine bila mkato wowote. Mimi naishi kwa kukata picha, kwa hiyo naruhusiwa kusema kwamba uamuzi bora kuliko yote katika filamu hii ni mikato ambayo haikufanywa. Hoja yake ya kihistoria, kwamba kijana anayepanda meli kwenda Paris kutafuta kibarua anakanyaga mbao zilezile alizokanyaga babu yake aliyefungwa minyororo, haisemwi tu katika wimbo, bali inaonekana sakafuni.

Kati ya Soleil Ô na West Indies ziko kazi ambazo nazipitia haraka. Les Bicots-nègres, vos voisins ya mwaka 1974, iliyopata Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage huko Tunisia, inaanza kwa ukali wa kupendeza, mwigizaji akitutazama usoni na kutuhoji kuhusu sinema yenyewe, lakini baadaye inakaa mno kwenye mazungumzo. Filamu zake kuhusu Polisario, wapigania uhuru wa Sahara Magharibi, ni ushahidi wenye thamani, ingawa macho yake ya kisanii hayamo.

Sarraounia ya mwaka 1986 inahitaji utulivu zaidi, kwa sababu ndani ya filamu moja tunapata nguvu zake zote na udhaifu wake. Imetokana na riwaya ya Abdoulaye Mamani wa Niger, na kisa chake kilitokea kweli: mwaka 1899 msafara wa jeshi la Ufaransa ulioongozwa na makapteni Voulet na Chanoine ulipita ukichoma vijiji na kuua watu, na huko Lougou, katika Niger ya leo, ukapambana na Sarraounia, malkia wa watu wa Azna. Voulet alifikia hatua ya kumuua Kanali Klobb, aliyetumwa kumpokonya uongozi, tarehe 14 Julai, naye akauawa na askari wake siku chache baadaye. Hondo alipiga picha hizo Burkina Faso, kwa skrini pana, na msafara ule unaoijaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo, wapagazi, mateka wa kike na askari weusi wanaolipwa kwa ngawira, ni miongoni mwa picha za kutisha zaidi za ukoloni nilizowahi kuziona. Muziki wa Pierre Akendengué unaibeba. Kasoro iko kwa malkia mwenyewe. Aï Keïta ana haiba kubwa, lakini amepewa hotuba badala ya mashaka, na anaposimama peke yake anafanana na sanamu. Anapozungukwa na watu wake na nyimbo zao, damu inamrudia. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou, mwaka 1987, Farasi wa Yennenga. Huko Paris iliondolewa kwenye kumbi mapema mno, jambo ambalo wenzake wa fani walililalamikia hadharani, na mimi nasikitika kila ninapolikumbuka.

Filamu tatu za mwisho zinamkuta bila umati. Lumière noire, iliyotokana na riwaya ya Didier Daeninckx, inafuata uchunguzi wa mauaji yaliyofanywa na polisi, na shahidi anayetafutwa ni Mmali aliyerudishwa kwao kwa ndege ya kukodi, kama Wamali 101 waliofukuzwa Ufaransa mwaka 1986. Mada inamhusu kwa kila hali, lakini kisa cha upelelezi kinadai subira na siri, na Hondo hakuwa mtu wa kuficha kitu. Watani, ambayo msomaji wa Kiswahili atalifikiria jina lake kwa maana yetu ya utani ilhali kwa Kiarabu ni "nchi yangu", inawaweka sambamba mfanyakazi wa benki Mzungu na mfagiaji Mwafrika waliopoteza kazi, na ulinganisho huo unakuwa mgumu kama mchoro wa ubaoni. Fatima ya mwaka 2004 inapumua zaidi, kwa kuwa mzee wa Senegal anayemwamuru mwanawe akamtafute na kumwoa mwanamke wa Algeria ambaye mwana huyo alimbaka wakati wa vita vya uhuru anasema kwa sauti ya ukoo mzima.

Kuna pingamizi ninalolisikia kila mara: Soleil Ô nayo si inamfuata mtu mmoja? Inamfuata, naam, mhasibu anayechezwa na Robert Liensol, lakini hana hata jina. Anapotembea na mwanamke Mzungu katika barabara ya Champs-Élysées, wapita njia halisi wanageuka kuwakodolea macho, na juu ya nyuso zao Hondo ameweka milio ya wanyama wa shambani. Wapita njia wamefanywa kiitikio bila kujua. Na mwishoni, mhasibu anapokimbilia msituni na kupiga mayowe kati ya mizizi ya miti, picha za wanaharakati waliouawa zinamjia pale alipoanguka: Lumumba, Malcolm X, Ben Barka, Che Guevara.