Je, wanahau (wanasarufi) wa Kiarabu walijali irabu tu?

Dhana: Nahau ni kujua neno liishie kwa u, a au i, basi.

Ukweli: Aliyeanza na Ajurumia madrasani hana lawama akidhani hivyo, kwani kijitabu kile kimejaa irabu. Lakini Sibawayhi, Mwajemi aliyesomea Basra kwa al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, aliipima pia maana. Kurasa za mwanzo za kitabu chake, Al-Kitab, zinasema "nilikujia jana" imenyooka na ni nzuri, "nilikujia kesho" ni muhali, na "niliubeba mlima" imenyooka ila ni uongo. Kwangu hiyo ya tatu ndiyo tamu: sarufi haina dosari, ukweli haupo. Sitiari huishi hapohapo.

Dhana: Kiarabu kina maneno ya kujazia tu.

Ukweli: Hata mwanafalsafa al-Kindi aliwahi kulalamika hivyo. Inasimuliwa kwamba alimwendea mwanahau Abu al-Abbas akamwambia: Waarabu husema "Abdullahi qaimun", kisha "inna Abdallahi qaimun", kisha "inna Abdallahi laqaimun", na zote maana yake ni Abdallah amesimama. Akajibiwa kuwa maana ni tatu. Ya kwanza inatoa habari, ya pili inamjibu anayeuliza, ya tatu inamjibu anayekanusha. Kisa hiki kimo katika kitabu Dalail al-Ijaz cha Abd al-Qahir al-Jurjani, na elimu ya maani (namna kauli inavyolingana na hali ya msikilizaji) iliyofuata iliendelea kugawa wasikilizaji kwa mtindo huohuo.

Dhana: Al-Jurjani aliitupa nahau ndipo akaipata balagha, elimu ya ufasaha wa kauli.

Ukweli: Alikuwa mwanahau hasa, aliyeandika sharhe ya kitabu cha Abu Ali al-Farisi. Nadhmu, yaani mpangilio wa maneno, kwake ni kuzifuata maana za nahau katika kupanga maneno. Sibawayhi alisema Waarabu hutanguliza lile wanalolijali zaidi. Al-Jurjani akakerwa na watu walioridhika na jibu hilo bila kueleza kwa nini linajaliwa. Ukiuliza "afaalta?" (je, ulitenda?) unashuku kama tendo limetendeka. Ukiuliza "aanta faalta?" (je, ni wewe uliyetenda?) tendo unalijua, unamtafuta mtendaji.

Dhana: Elimu hii yote ilitoka kwa Aristotle.

Ukweli: Abu Bishr Matta, aliyekitafsiri kitabu cha Aristotle cha ushairi kwa Kiarabu, alifariki mwaka 940, zaidi ya karne moja baada ya Sibawayhi. Mantiki ya Kigiriki ilichangia baadaye, na kwa mwanabalagha al-Sakkaki (aliyefariki 1229) inaonekana wazi. Hata hivyo, katika kitabu chake Miftah al-Ulum yeye huyo alianza na sarfu (maumbo ya maneno), akafuatisha nahau, ndipo akaingia maani na bayani (elimu ya tamathali).